Leseni isiyovuka bahari: madereva wa Afrika Mashariki mjini Toronto

Tangu mwaka 1927 kila mkaazi wa jimbo la Ontario, nchini Canada, anayetaka kuendesha gari analazimika kuwa na leseni. Kwa mgeni aliyehamia Toronto kutoka Mombasa, Kampala au Mogadishu, sharti hilo limezaa suali gumu: miaka aliyoendesha gari kwao inahesabiwa vipi, na nani wa kumshuhudia?

Juma hili tunakwenda Toronto, mji mkubwa kuliko yote nchini Canada, lakini hatuendi kuutazama mnara wake mrefu wala ziwa lake. Tunakwenda Downsview, upande wa kaskazini wa mji, kwenye kituo cha mitihani ya udereva. Katika foleni ya kituo kama hicho utawakuta watu wa aina mbili. Wapo vijana wa miaka kumi na sita, wazaliwa wa hapo hapo, wenye hamu ya kushika usukani kwa mara ya kwanza. Na wapo watu wazima, baadhi yao wenye mvi, waliokuwa madereva kabla vijana hao hawajazaliwa. Hawa wa pili aghalabu wana bahasha mkononi, na ndani ya bahasha mna barua.

Makala haya ni historia ya barua hiyo.

Tuanze mbali kidogo. Sheria ya kwanza ya magari katika jimbo la Ontario ilipitishwa mwaka 1903, na ilishughulika na gari lenyewe: liandikishwe na lipewe nambari. Mwaka 1909 sheria ikamgeukia dereva, lakini si kila dereva. Aliyetakiwa kuwa na leseni ni yule aliyelipwa mshahara kwa kuendesha gari la mtu mwingine. Tajiri mwenye gari lake aliruhusiwa kuendelea kuvurumisha vumbi barabarani bila ya kuulizwa na mtu kama anajua au hajui. Ilichukua miaka 18, hadi 1927, ndipo bwana na mtumishi wake wakawekwa katika mizani moja. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba tangu mwanzo leseni haikuwa suala la ufundi peke yake. Lilikuwa pia suala la nani anaaminika kwa kauli yake, na nani lazima alete ushahidi.

Ukimuuliza dereva wa Kenya, Uganda au Tanzania aliyehamia Toronto kwa nini leseni yake haikukubaliwa, jibu la haraka mara nyingi ni hili: sisi twaendesha kushoto, wao wanaendesha kulia. Ni kweli kwamba tofauti hiyo ipo, na ina historia yake. Waingereza walituachia upande wa kushoto Afrika Mashariki, kama walivyouacha India na Australia. Hata lugha yetu iliubeba. Mzunguko wa barabara pale njia zinapokutana tunauita kipilefti, neno lililozaliwa na kibao cha Kiingereza kilichomwamrisha dereva akae kushoto. Mtu akilifuata neno hilo kwa maana yake ya asili katika mizunguko michache iliyopo Ontario, atakutana uso kwa uso na magari yanayokuja.

Canada nayo ilikuwa chini ya Waingereza, lakini Ontario na Quebec zilikaa kulia tangu zamani. Majimbo mengine yalianza kushoto kisha yakahama: British Columbia ilikamilisha mageuzi mwanzoni mwa mwaka 1922, New Brunswick mwishoni mwa mwaka huo huo, Nova Scotia mwaka 1923 na Kisiwa cha Prince Edward mwaka 1924. Newfoundland ilingoja hadi Januari 1947, miaka miwili kabla ya kujiunga na Canada. Barani Afrika pia wapo waliohama, Ethiopia mwaka 1964 na Sudan mwaka 1973.

Hata hivyo, hoja ya kushoto na kulia haisimami. Ontario ina mapatano ya kubadilishana leseni na nchi kadhaa, na raia wa nchi hizo akiwa na uzoefu wa kutosha hukabidhi leseni ya kwao, hupimwa macho na kupewa ya Ontario bila ya mtihani wa barabarani. Katika orodha hiyo zimo Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Japan, na zote hizo zinaendesha kushoto. Haimo hata nchi moja ya Afrika Mashariki. Hazimo Rwanda, Burundi wala Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ambako watu wanaendesha kulia kama ilivyo Toronto. Na dereva wa lori wa Mombasa anayepeleka shehena Kigali hubadilisha upande kila safari: anafika mpaka wa Gatuna akiwa kushoto, anavuka na kuendelea kulia, kwa leseni ile ile ya Kenya iliyomo mfukoni. Pengine mtu huyo ameujua upande wa kulia kuliko mtalii wa Kiingereza aliyetua Toronto jana.

Wengine hudhani kwamba leseni ya kimataifa itawaokoa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Canada ilijiunga nao mwaka 1965, uliweka utaratibu wa kijitabu kinachoifasiri leseni ya mtu kwa lugha mbalimbali. Lakini mkataba huo ulimfikiria msafiri, mtu anayekuja na kurudi. Anayehamia Ontario ana siku 60 tu za kutumia leseni ya kwao. Siku ya 61 akikamatwa barabarani, mbele ya sheria yeye ni mtu asiye na leseni, hata kama ameendesha mabasi ya Nairobi kwenda Mombasa kwa robo karne.

Sasa turudi nyuma hadi mwaka 1972, kwani hapo ndipo historia ya Toronto na ya Afrika Mashariki zilipokutana kwa kishindo. Tarehe 4 Agosti mwaka huo Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke nchini, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Waziri Mkuu wa Canada wakati huo, Pierre Trudeau, alikubali kuwapokea sehemu yao. Maafisa wa uhamiaji wakiongozwa na Roger St. Vincent walifungua ofisi mjini Kampala, na ndege ya kwanza ikatua Montreal tarehe 28 Septemba. Kufikia tarehe 8 Novemba, siku ya mwisho ya amri ya Amin, zaidi ya watu 4,400 walikuwa wamesafirishwa kwa ndege 31 za kukodi. Maduka, nyumba na magari yao yalibaki Uganda. Wengi waliishia Toronto na vitongoji vyake, na wakafuatwa miaka ya sabini na ndugu zao kutoka Tanzania na Kenya.

Mji waliouingia haukuwa kama Kampala, ambako mtu wa tabaka lao aliweza kuishi juu ya duka lake. Don Mills, Scarborough na Etobicoke ni mitaa iliyojengwa kwa kudhani kwamba kila nyumba ina gari. Viwanda vilikuwa mbali na majumba ya ghorofa, na basi la usiku wa manane, mtu anapotoka zamu yake, halikuwa la kutegemea, sembuse katika baridi ya Januari. Kwa hiyo gari halikuwa anasa. Lilikuwa ndiyo tofauti kati ya kazi unayoweza kuifikia na kazi unayoisoma gazetini.

Mwandishi M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, na ambaye aliwasili Canada mwaka 1978, aliisimulia dunia hiyo katika riwaya yake No New Land ya mwaka 1991. Mhusika wake mkuu, mtu wa Dar es Salaam, anazunguka Toronto akitafuta kazi na kila mahali anaambiwa kwamba hana uzoefu wa Canada. Maneno hayo matatu, uzoefu wa Canada, yamewaliza wahamiaji wengi kuliko theluji. Mhasibu ameambiwa hivyo, muuguzi ameambiwa hivyo, mwalimu kadhalika. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitamka kwamba kulishikilia sharti hilo ni ubaguzi usipotolewa sababu ya kweli, na mwaka 2024 jimbo likapitisha sheria ya kuwazuia waajiri wasiliandike katika matangazo ya kazi. Katika udereva, lakini, uzoefu wa kwenu una bei iliyoandikwa wazi kwa miezi, na hapo ndipo barua yetu inapoingia.

Tarehe 1 Aprili 1994 Ontario ilianzisha mfumo wa leseni za ngazi, ikiwa ya kwanza Amerika Kaskazini kufanya hivyo. New Zealand ilikuwa imetangulia mwaka 1987. Mwenye kuanza anapewa leseni iitwayo G1 baada ya kupimwa macho na kufaulu mtihani wa maswali. Kwa leseni hiyo haruhusiwi kuendesha peke yake, haruhusiwi kuendesha kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, wala kuingia barabara kuu za mwendo kasi. Akishamaliza miezi 12, au minane akisomea chuo kinachotambuliwa, anafanya mtihani wa barabarani wa kupata G2. Hukaa tena mwaka mmodi ndipo afanye mtihani wa mwisho na kupata leseni kamili, iitwayo G.

Nia ilikuwa njema. Vijana walikuwa wakifa barabarani, na waliotunga sheria walitaka wajifunze kidogo kidogo. Lakini sheria iliyomlenga kijana wa miaka 16 ilimkuta pia baba wa watoto wanne kutoka Kisumu aliyekuwa akiwalea kwa lori. Ikambidi jimbo liweke njia ya pembeni kwa ajili yake. Akithibitisha kwamba amekuwa na leseni kwa miezi 24 au zaidi katika miaka mitatu iliyopita, anaruhusiwa kuruka ngojangoja zote na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa G. Nafasi ni moja. Akianguka, anarudishwa kufanya mtihani wa G2 kwanza.

Uthibitisho wenyewe ni barua kutoka kwa mamlaka iliyotoa leseni, au kutoka ubalozi wa nchi husika, na iwe kwa Kiingereza au Kifaransa, au iambatane na tafsiri inayokubalika. Leseni yenyewe haitoshi. Bila ya barua hiyo, mhamiaji hawezi kudai zaidi ya miezi 12 ya uzoefu kwa kauli yake mwenyewe. Miaka ishirini na miezi kumi na miwili inakuwa kitu kimoja.

Ni vyema tuseme kweli hapa, hata kama inauma. Ontario haikulibuni shaka hili kutoka hewani. Kwa miaka mingi leseni ya Kenya ilikuwa kijitabu chekundu chenye picha iliyobandikwa na kurasa za kuongezwa muda, kitu ambacho fundi mwenye gundi na muhuri hakushindwa kukiiga. Ilikuwapo mitihani iliyofanywa juu ya meza, kwa vigari vya kuchezea vikisukumwa kwenye ubao uliochorwa barabara, na si siri kwamba walikuwapo waliofaulu bila ya kuusogelea ubao huo. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ilianza kutoa kadi mpya yenye chembe ya elektroniki mwaka 2017, mojawapo ya sababu ikiwa ni kukomesha udanganyifu huo. Anayeumia ni dereva aliyejifunza kwa haki na kufanya mtihani kwa haki, kisha anafika Toronto na kukuta kwamba leseni ya jirani yake, iliyonunuliwa, imeishusha thamani ya kwake.

Wala mtihani wenyewe si mchezo wa kumwonea mgeni. Toronto ina sheria ambazo dereva wetu hajawahi kukutana nazo. Tramu ikisimama katikati ya barabara na kufungua milango, magari yanayoifuata lazima yasimame nyuma ya mlango wake wa mwisho, kwani abiria wanashukia barabarani. Basi la wanafunzi likiwasha taa zake nyekundu, magari ya pande zote mbili yanasimama, isipokuwa pale ambapo barabara imegawanywa katikati. Taa ikiwa nyekundu unaruhusiwa kupinda kulia, mradi umesimama kabisa kwanza na kibao hakikukataza. Kuna njia panda zisizo na taa wala askari, ambapo wote husimama na aliyefika mwanzo ndiye anayepita mwanzo. Aliyezoea makutano ya barabara ya Kariakoo haamini macho yake. Kisha kuna barabara kuu ya 401, yenye njia 18 kwa jumla katika baadhi ya sehemu zake, ambayo ni mojawapo ya barabara zenye magari mengi zaidi Amerika Kaskazini. Na wakufunzi watakwambia kwamba kinachowaangusha madereva wazoefu mara nyingi ni shingo: wanatazama kioo cha pembeni tu bila ya kugeuza kichwa, kama walivyofanya kwa miaka mingi wakapona.

Tatizo kubwa zaidi lilimkuta mtu ambaye nchi yake haikuwa na mtu wa kumwandikia barua. Mwishoni mwa Januari 1991 Rais Mohamed Siad Barre aliukimbia mji wa Mogadishu, na dola ya Somalia ikasambaratika. Maelfu ya Wasomali walifika Toronto, wengi wao wakiwa wamepitia Nairobi na Mombasa na wakizungumza Kiswahili, na wakakusanyika katika majumba marefu ya Dixon Road huko Etobicoke, karibu na uwanja wa ndege. Ofisi zilizowapa vyeti vya kuzaliwa, pasipoti na leseni hazikuwapo tena. Faili zilikuwa zimechomwa au kutupwa.

Canada nayo ikachagua wakati huo huo kukaza kamba. Mabadiliko ya sheria ya uhamiaji yaliyoanza kutumika mwaka 1993 yaliwataka wakimbizi, hata wale waliokwisha kukubaliwa kuwa wakimbizi, walete pasipoti au hati nyingine ya kuridhisha kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu. Mwaka 1997 serikali iliweka utaratibu maalumu kwa wasio na hati, lakini uliwangojesha miaka mitano, na katika muda huo hawakuweza kuwaita wake, waume na watoto wao waliobaki kambini. Ni sheria mpya ya uhamiaji, iliyoanza kazi mwaka 2002, iliyopokea hati za kiapo kutoka kwa watu waliomfahamu mhusika. Hapo neno la binadamu likakubaliwa mahali ambapo karatasi ya dola haikuwapo.

Katika udereva neno hilo lina kikomo chake, ile miezi 12. Hata hivyo Wasomali wengi walianza upya, wakapanda ngazi zote, na kuna waliojipatia riziki kwa teksi kwenye uwanja ule ule wa ndege waliotua bila hati. Hawakuwa peke yao. Utafiti wa serikali ya Canada uliotolewa mwaka 2012, kwa kutumia sensa ya mwaka 2006, ulionyesha kwamba karibu nusu ya madereva wa teksi nchini humo walikuwa wahamiaji, na kwamba mjini Toronto walikuwa takriban wanane kati ya kila kumi. Miongoni mwao walikuwamo madaktari wa tiba na watu wenye shahada za uzamivu. Wapo wanaoisimulia habari hiyo kama mzaha, yule daktari aliyemzalisha abiria wake njiani. Mimi siuoni mzaha. Naona mtu ambaye shahada yake ilikataliwa na leseni yake ikakataliwa, na kati ya hizo mbili akachagua ile iliyoweza kurudiwa kwa miaka miwili badala ya kumi.

Aliyekuwa dereva wa lori ana kazi zaidi, kwani leseni ya malori makubwa ni daraja jingine, na tangu Julai 2017 Ontario inamtaka anayeiomba asome kwanza mafunzo yasiyopungua saa 103 na nusu. Kadhalika bima, ambayo ni ya lazima, kwa kawaida humhesabu mgeni kuwa dereva mpya na kumtoza kwa kadiri hiyo. Familia nyingi hugundua kwamba gari kuukuu wamelimudu, bali bima yake hawaimudu.

Wanaohamia sasa kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam wanajua habari hizi kabla ya kupanda ndege. Jamaa waliotangulia huwaambia: kabla ya kufunga sanduku, nenda kachukue barua, kwa sababu ukishafika huku utamtuma mjomba ofisini kila Jumatatu na kila Jumatatu ataambiwa afisa mhusika hayupo. Ushauri huo unamfaa mwenye ofisi ya kwenda. Mjini Khartoum vita viliripuka Aprili 2023, na watu wakatoka mbio na nguo walizovaa. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Dereva wa Goma ameendesha upande wa kulia maisha yake yote, na barua yake ingeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo Ontario inaipokea bila ya tafsiri. Akifika Downsview na mkono mtupu, ataandikiwa miezi kumi na miwili.